Lindo la Ombasha

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Mheshimiwa Diwani wa kata hii. Ndugu Mkurugenzi na watumishi wote wa halmashauri. Baba Paroko, Mchungaji na Sheikh, mliokaa meza moja na kugawana chupa moja ya chai. Mkuu wa Shule na walimu wenzangu. Wazazi wa Ikangamo mliopanda mlima huu tangu alfajiri. Mafundi na vibarua. Na ninyi mabinti ambao leo mnakabidhiwa vitanda vyenu: assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe. Na kwa lugha ya nyumbani hapa, kamwene.

Naitwa Rukia Ombasha. Nimefundisha historia na Kiswahili tangu nikiwa msichana mwembamba mpaka nilipostaafu nikiwa kama mnavyoniona, na ninaishi Miyomboni, Iringa mjini, katika nyumba aliyozaliwa baba yangu.

Mheshimiwa, uliponipigia simu uliniambia hivi: "Mwalimu, wazazi wanagoma kuleta mabinti bwenini. Wanasema limejengwa Kwa Yule. Njoo uwaeleze maana ya lile neno, uwatoe hofu, uwaambie ni imani potofu tu." Nami nikaitikia. Maana ya neno nitaieleza. Hofu nitajitahidi. Lakini hilo la tatu, naomba uniwie radhi mbele ya umati huu, sitaweza kulisema, kwa sababu nilikuwepo.

Ombasha ni nini? Asubuhi hii niliwauliza mabinti wakati wanatandika vitanda. Mmoja akanijibu ni jini la mlimani. Mwingine akasema ni mzungu aliyekuwa na shamba la miti. Wa tatu, mwenye adabu kuliko wote, akasema, "Ni wewe, mwalimu."

Ni cheo, wanangu. Cheo cha jeshi, kilichokufa zamani. Wajerumani walipokuja kuitwaa nchi yetu hawakuwa na askari wa kutosha, wakawaajiri Wasudani waliokuwa wametumikia jeshi la Misri, na jeshi la Misri lilikuwa limerithi vyeo vyake kutoka kwa Waturuki. Wale askari walifika huku na bunduki mabegani na vyeo vyao midomoni. Hili neno afande mnalomwambia askari wa barabarani limetoka huko huko: efendi, yaani bwana. Alikuwepo shaushi, ambaye leo tungemwita sajenti. Na chini ya shaushi alikuwepo ombasha, ambaye leo tungemwita koplo. Kwa Kituruki on ni kumi, na bash ni kichwa. Ombasha ni kichwa cha kumi. Mkuu wa watu kumi.

Neno lenyewe halina uchawi wowote. Lakini nawauliza, ndugu zangu, na hili nimejiuliza sana tangu mwaka jana: mtu ambaye cheo chake ni idadi, ambaye heshima yake, mshahara wake na hata jina analoitwa na wenzake vyote vimefungwa kwenye ile kumi, ile kumi ikipungua anakuwa nani?

Babu wa baba yangu alikuwa ombasha. Mwaka 1916, Wajerumani walipoondoka Iringa kurudi nyuma kuelekea Mahenge, aliondoka nao, akamwacha mkewe Miyomboni akiwa na mtoto mgongoni. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari ya kifo wala ya kaburi. Yule mama akaendelea kuitwa mke wa Ombasha, mtoto akaitwa wa Ombasha, na kile cheo kikageuka kuwa ukoo. Hayo ndiyo tu tuliyoyajua, nami sikuwahi kuona haja ya kujua zaidi, mpaka ujenzi wa bweni hili ulipoanza.

Bweni halikuanzia hapa tulipokaa. Msingi wa kwanza ulianza kule juu, kwenye mgongo wa mlima, pale mnapoona miti ya milingoti imekatwa. Ramani ya halmashauri inapaita Kwa Ombasha. Wenyeji hawapaiti hivyo. Wao husema Kwa Yule, na wakisema hushusha sauti, kama mtu anayepita karibu na kitanda cha mgonjwa.

Fundi Lusekelo hakuyajua hayo. Yule pale, mwenye koti la kahawia. Simama kidogo, fundi, wakuone. Huyu ni mtu wa Ilomba, Mbeya, Mnyakyusa mcheshi mwenye sauti kubwa, aliyewahi kujenga hata Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, ambako kwa maneno yake mwenyewe "mizimu ndiyo inayoogopa watu". Vibarua wake, vijana wa hapa hapa, walipoona anavyosimama juu ya kifusi kila asubuhi na kuwapanga, wewe zege, wewe maji, wewe kokoto, wakampa jina la utani. Wakamwita Ombasha, kama palivyoandikwa kwenye ramani. Jina likampendeza. Ikawa kutwa nzima mlima unaitwa kwa sauti neno ambalo wazee walikuwa hawalitamki hata ndani ya nyumba.

Wenyeji mnaujua ukungu wa hapa. Unapanda kutoka bondeni taratibu, unameza mti mmoja mmoja, mpaka mtu anashindwa kuliona koleo aliloshika. Katika ukungu wa namna hiyo fundi alianza kumsikia mtu anahesabu. Alihesabu polepole, kwa Kiswahili safi, kama mwalimu anayehakikisha wanafunzi wake wote wamepanda basi. Moja. Mbili. Tatu. Akifika tisa ananyamaza. Kimya kirefu. Kisha anaanza upya.

Lusekelo alidhani ni kibarua anayehesabu mifuko ya saruji. Akapaza sauti: "Wewe, mbona mifuko yangu haifiki kumi? Umeuza mmoja?"

Vibarua wakacheka. Huko juu, sauti ikaanza tena. Moja.

Miongoni mwa vibarua alikuwepo Philbert, mume wa Tekla, kijana mpole anayeongea kidogo. Asubuhi moja lori la saruji lilifika barabarani, Philbert akatumwa kumwita fundi. Fundi alikuwa ndani ya stoo akitafuta kamba ya kupimia. Philbert akasimama kwenye ukungu, akaita kwa nguvu zake zote: "Ombasha! Ombasha, lori limefika!"

Fundi aliitika, "Nakuja!" Lakini kabla hajaitika yeye, sauti nyingine ilikuwa imeshaitika kutoka mgongoni mwa mlima. Fundi aliisikia. Vibarua wote waliisikia, na wapo hapa, mkitaka waulizeni mmoja mmoja. Ilisema, "Naam." Halafu ikasema, bila hasira, kama mtu anayesema jambo la kawaida: "Njoo kwenye mstari."

Philbert aliacha toroli, akapanda.

Walimtafuta huku wameshikana mikono, wakiita jina lake mpaka sauti zikawakauka. Ukungu ulipofunguka walimwona. Alikuwa amekaa chini, wima, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, macho wazi. Umande ulikuwa umemtanda nywele na mabega kama ulivyotanda juu ya mawe. Kando yake, upande wa kushoto, palikuwa na mkanda mrefu wa nyasi fupi, zilizoota tofauti na nyasi nyingine zote.

Lusekelo akamshika mkono. "Philbert, inuka bwana, twende."

"Bado hatujaruhusiwa."

"Hatujaruhusiwa na nani?"

"Shaushi hajaja."

Sasa tazameni, ndugu wageni waalikwa. Katika kijiji hiki hakuna kijana aliyewahi kulisikia neno shaushi. Halimo vitabuni mwao, halimo redioni. Lusekelo mwenyewe alidhani ni mtu fulani, akaanza kuuliza vibarua, "Shaushi ni nani? Anaishi wapi?" Walimbeba Philbert wanaume wanne, na kijana mwenyewe mnamwona alivyo mwembamba, wakapumzika mara nyingi njiani kwa uzito wake. Wakamfikisha hospitali ya Tosamaganga. Madaktari walimpima kila kitu, wakamkuta mzima. Ila alikataa kulala. Alikaa wima kitandani, mikono juu ya magoti, na akiulizwa jina alijibu, "Wa kumi."

Fundi angeweza kufunga vifaa vyake akarudi Mbeya, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakufanya hivyo. Alichukua sururu akachimba kwenye zile nyasi fupi. Baadaye nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Mama, nilitaka kujua kijana wangu alikuwa amekaa na nani."

Walikuwa mifupa. Watu tisa, wamekaa kwenye mstari mmoja, bega kwa bega. Na mbele yao, umbali wa mtu na mtu wanaoongea, mmoja peke yake, amewageukia. Huyo alikuwa na bizimu la mkanda la shaba na vifungo vya koti. Polisi walikuja, daktari akaja, wakasema mifupa hii ni ya zamani kuliko mtu yeyote aliye hai, izikeni. Ndipo muuza vifaa vya ujenzi mmoja wa mjini, aliposikia habari za Kwa Ombasha, akamwambia fundi: kuna mwalimu mstaafu Miyomboni anaitwa hivyo hivyo.

Hakuja fundi kwangu. Alikuja Tekla. Nilikuwa nachambua mchele barazani, nikamwona binti amesimama kwenye geti, hapigi hodi. Nikamkaribisha. Hakukaa.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye Ombasha?"

"Marahaba. Ndiyo jina letu."

"Basi mama, kama yule ni wa kwenu, nakuomba mwambie amwachie mume wangu."

Nifanye nini? Mimi ni mwalimu wa historia. Nimewaambia wanafunzi miaka yote kwamba waliokufa wamekufa, tunachobaki nacho ni ushahidi. Nikavaa baibui nikaenda naye Tosamaganga, nikijiambia ninakwenda kumfariji mke wa mgonjwa. Philbert aliponiona mlangoni alisimama wima, visigino pamoja. Akaniangalia kwa macho ambayo siyo ya kijana wa umri wake, akauliza: "Umekuja kupokea lindo?"

Nilitoka nje, nikamwambia Tekla kwamba kesho nitapanda mlimani.

Siku iliyofuata nikapanda huku, nikaelekezwa kwa Bibi Severina. Huyu hapa mbele, aliyejifunika blanketi la bluu, na kama kuna mtu anayestahili kupigiwa makofi leo kabla ya mgeni rasmi, ni yeye. Nilimwamkia, nikajitambulisha. Aliniangalia uso, kama anayetafuta mtu ndani yake.

"Umechelewa, mwanangu," akasema. "Lakini keti."

Alinieleza aliyoelezwa na bibi yake mzaa mama. Wakati wa vita ile, jeshi lilipita kwenye milima hii likiwa na njaa na mvua. Ombasha mmoja alikuwa amepoteza askari wake, wengine wamekufa, wengine wametoroka usiku. Akabaki mkuu wa watu kumi asiye na mtu. Basi alishuka bondeni na bunduki yake, akachukua watu kumi wa Ikangamo kubeba mizigo, akawafunga kamba, akatimiza kumi yake. Bibi yake Severina alikuwa mmojawapo, msichana aliyeolewa karibuni, mwenye mimba changa. Kaka yake alikuwa naye kwenye kamba hiyo hiyo.

Hawakufika mbali. Homa ya kifua iliwashika pale juu, wakaketi wasiweze kuinuka. Shaushi alipita na msafara, akamwambia ombasha: kaa hapa na watu wako, usiondoke, nitarudi kukupokea. Hakurudi. Kila kulipokucha, ndani ya ukungu, ombasha aliwahesabu. Wanaoweza kuitika waliitika. Wasioitika aliwahesabu vivyo hivyo, akawaweka sawa wasianguke. Kamba zilikuwa zimeshaoza. Asubuhi moja yule msichana alijiburuza kwenye majani, akashuka. Akamsikia ombasha nyuma yake anahesabu. Akafika tisa akanyamaza. Akaita: "Wa kumi!" Msichana akalala chini, akajiziba mdomo kwa udongo. Akaita tena: "Wa kumi!" Hakuitika. Ombasha alikuwa na bunduki, na majani yalikuwa mafupi. Hakuja kumfuata. Alianza tu kuhesabu upya.

Nikamuuliza Bibi Severina swali ambalo mjukuu yeyote angeuliza. "Bibi yako alisemaje kuhusu yeye? Alikuwa mtu mbaya? Au alibaki kuwauguza?"

"Hakusema mbaya, hakusema mwema. Alisema aliwafunga kamba. Alisema hakuwaacha. Yote mawili alikuwa akiyasema kwa pumzi moja."

Ndugu zangu, nilitamani aniambie zaidi. Nilitamani anipe babu ninayeweza kumtaja kwa fahari, au basi anipe ninayeweza kumkana. Sikupewa hata mmoja. Nilipewa yule yule aliyekuwepo.

Kisha Bibi akaniuliza, "Huyo shaushi wanayemngoja, ni mtu gani kwenu?"

Nikamwambia ni cheo. Ni kama sajenti.

Akagonga fimbo chini. "Sajenti? Si tunaye Anord!"

Mzee Anord, mstaafu wa jeshi letu, mnamjua nyote. Anayefuga nyuki, asiyependa maneno mengi. Alipoelezwa alikataa katakata. "Mwalimu, mimi nina kiapo. Siwezi kumwamuru mtu ambaye siyo wa jeshi langu." Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi: shaushi ni sajenti, sajenti ni shaushi, lugha imebadilika, ngazi haijabadilika. Ombasha hawezi kujiruhusu mwenyewe kuondoka lindoni, wala mimi mjukuu wake sina mamlaka hayo. Mzee Anord akafunika mzinga aliokuwa ameufungua. Akaniuliza swali moja tu: "Shaushi wake alimwahidi kurudi?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani, akatoka amevaa suti yake ya kanisani na medali zake kifuani.

Tulipanda asubuhi, ukungu ukiwa mzito. Tulikuwa wachache: Mzee Anord, fundi Lusekelo, mimi, Bibi Severina amebebwa kwenye kiti, na Tekla amemshika mkono mumewe, tuliyemtoa hospitali. Philbert alipofika alijikalisha mwenyewe pale pale. Mifupa ilikuwa imefunikwa kwa turubai. Ndege hawakulia. Nilisikia tu maji yanadondoka kwenye majani ya milingoti.

Mzee Anord akasimama wima, akaita kwa sauti ya uwanjani: "Ombasha!"

"Naam, shaushi."

Niliisikia kwa masikio yangu haya. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka. Na sijui niliseme vipi, Mheshimiwa, lakini ilifanana na ya marehemu baba yangu.

"Nimekuja kupokea lindo," akasema Mzee Anord. "Hesabu watu wako."

Moja. Mbili. Tatu. Ikaendelea hivyo, na kila namba ilitoka mahali pake, ikisogea kwenye mstari kutuelekea. Tisa. Hapo Philbert akafungua mdomo, na Tekla, ambaye hakufundishwa na mtu, akamrukia akamziba mdomo kwa mikono yote miwili, wakaanguka pamoja kwenye majani. Nikaisikia ile nafasi tupu ikingoja. Nawaambia kweli, kulikuwa na kitu kinanivuta ulimi mimi mwenyewe niitike.

Aliyeitika ni Bibi Severina. Akiwa kwenye kiti chake, na blanketi lake lile lile, akasema: "Kumi. Wa kumi alifika nyumbani. Alizaa mtoto, na mimi ni mjukuu wake. Hesabu yako imetimia. Waachie watu wetu."

Mzee Anord akaamuru: "Mguu sawa! Ombasha na kundi lako, lindo limepokelewa. Tawanyika!"

Hapakuwa na upepo. Lakini majani yalilala, hapa na pale, yakifanya njia nyembamba zinazoshuka, kila njia upande wake: nyingine kuelekea kwenye nyumba za mtoni, nyingine kule kanisani, nyingine kwenye mashamba ya viazi. Walikuwa wanakwenda kwao. Na mbele ya mstari, pale alipokuwa amekaa yule mmoja, jani halikutikisika. Alikuwa ameruhusiwa, lakini hakuwa na njia ya kushuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kumngoja bondeni.

Hapo ndipo nilipoacha kuwa mwalimu wa historia. Nilikwenda nikachuchumaa pale, nikasema, "Babu, mimi ni wa Miyomboni. Bibi, mkeo, alikungoja mpaka alipokufa. Pumzika sasa." Nikahisi baridi inapita usoni, kama mtu anayetoka chumbani na kuacha mlango wazi. Philbert, nyuma yangu, akaanza kulia, akamwambia Tekla, "Unaniumiza meno."

Ndiyo, chekeni. Sisi pia tulicheka, tukiwa tumekaa chini, tunalia.

Nilitaka kumchukua babu nikamzike mjini. Bibi Severina akakataa. "Amekaa nao miaka yote hii, kumwondoa sasa ni nini? Ila mbele yao asikae tena. Mwekeni mwisho wa mstari." Basi ndivyo walivyolala kule juu. Paroko na Mchungaji waliwasomea wale tisa, Sheikh akamsomea wa mwisho. Ile nafasi ya kumi imejazwa na yeye mwenyewe. Fundi akahamishia msingi hapa chini, kwa hiari yake, bila kudai nyongeza.

Wapo wanaoniuliza, je, kumekwisha? Ninachokijua nitasema, na nisichokijua nitakiacha. Tangu siku ile hakuna aliyesikia hesabu. Philbert yupo kazini. Ukuta ule wa mashariki ameupiga lipu yeye. Ila hasimami kwenye foleni, iwe ya zahanati au ya dukani. Hukaa pembeni mpaka watu waishe. Msimcheke wala msimlazimishe.

Na lipo jingine ambalo mimi linaninyima usingizi kuliko sauti ile. Tulipofika kuandika mawe ya makaburi, Bibi Severina alilijua jina la kaka wa bibi yake, Kihwele, na koo nyingine zilikumbuka majina mawili au matatu. Kwa babu yangu mimi niliulizwa niandikeje. Nikagundua sijui. Hakuna anayejua katika familia nzima. Mama yake alimpa jina, sijui ni Faraji, sijui ni nani. Tukalipoteza, tukabaki na cheo. Jiwe lake halina maandishi.

Kwa hiyo kamati iliponiuliza kama bweni hili liitwe Ombasha, kwa heshima ya historia, nilisema hapana. Na hata Bibi Severina alisema hapana, kisha akasema jina jingine. Mheshimiwa, utakapovuta kitambaa kile muda si mrefu, utasoma pale ukutani: Bweni la Sekinyaga. Ndiye yule msichana aliyejiziba mdomo kwa udongo, akashuka mlima na mtoto tumboni. Nadhani mabinti wanaweza kulala salama chini ya jina lake.

Wazazi wenzangu wa Ikangamo, sijawaambia msiogope. Nimewaambia yaliyotokea. Na ili msidhani ninasema ya kusema, mjukuu wangu Nusrat amehamia shule hii tangu Jumatatu. Kitanda chake ni cha dirishani, upande wa mlima. Jana jioni nikimfungia sanduku aliniuliza, "Bibi, na mimi nikiitwa, niitike?" Nikamwambia: "Wakikuita kwa jina lako, itika. Wakikuita kwa namba, kaa kimya uje nyumbani."

Nawashukuru sana kwa masikio yenu na kwa kuivumilia baridi hii pamoja nami. Mheshimiwa, karibu uvute kitambaa.